Sauti Niliyoifukia Uwanjani

Binti yangu akifungua chupa ya rangi ya kucha, mimi hutoka sebuleni. Anadhani nachukia urembo. Amewahi kumwambia shangazi yake kwamba mama ni mlokole wa chinichini, nikacheka na kumwacha na dhana yake. Kwangu harufu ile haihusiani na kucha, inahusiana na kanda. Wewe wa rika langu unaelewa. Redio ikishatafuna kanda, unavuta utepe taratibu, unakata kwa wembe pale palipokunjamana, unaunganisha ncha mbili kwa tone la rangi ya kucha, unapuliza, unasubiri, kisha unarudisha ndani kwa kuzungusha kalamu. Nyumbani kwetu Bariadi kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa darasa la tatu, vidole vyembamba, na kaka yangu Maduhu aliwatangazia wenzake kwamba kutoka Lamadi mpaka Maswa hakuna fundi wa kanda kama Minza. Nikavimba kichwa. Nikawa naletewa kila kanda mbovu ya mtaani.

Siku hizo mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa, sisi tulikuwa watu wa Shinyanga. Biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa, wanunuzi binafsi wanaingia na malori yao kila msimu. Redio nazo zilikuwa zimefunguliwa, ukifunga waya kwenye mti mrefu unapata vituo vya Mwanza. Huko kwenye redio ndiko Maduhu alikoupata ugonjwa wake. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo yake tuyaache, na kutwa alikuwa anachana mashairi ya kufokafoka: shambani, chooni, juu ya baiskeli. Alijiita Pamba Kali. Mama alikuwa anamwonea aibu mbele ya wenzake wa kwaya. Baba, mkulima wa maneno machache, hakukataa wala hakukubali, alimtazama tu kama unavyotazama mawingu ya Oktoba usiyoyaamini.

Aliyempenda waziwazi ni bibi, mama yake baba, ambaye mimi nililala chumbani kwake. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini alikuwa akikaa na Maduhu jioni, yeye akichambua pamba na mjukuu akichana, na akifika mahali alipopapenda anamwambia kwa Kisukuma arudie. Aliuita muziki ule ngoma ya kuongea. Kutwa alikuwa jikoni kwenye moshi wa mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, na moshi huo ulikuwa umemfanya awe na macho mekundu, hata mimi sikuwahi kumjua kwa macho mengine.

Mwanza kulikuwa na prodyuza aitwaye Kigingi. Hakuna kwetu aliyewahi kumwona. Wengine walisema ni jibaba la kitambi, wengine walisema ni kijana mdogo asiyetoka nje. Tulichokijua ni sauti yake. Kila albamu aliyoitengeneza ilifunguka hivi: tone moja la maji likidondoka kwenye mtungi, kimya kidogo, halafu sauti nzito ya mwanaume asiye na haraka inasema, "Sogeeni." Kisha ngoma inaingia. Aliiweka mara moja tu, mwanzo wa kanda, kama muhuri wa barua, halafu anamwachia msanii uwanja. Seif, muuza kanda mwenye kibanda karibu na stendi, alikuwa akipokea kanda mpya na kuisikiliza sekunde chache tu. Asipolisikia lile tone alikuwa anairudisha kwa mwenyewe. Hii ni ya chumbani, alikuwa anasema, yaani imerekodiwa sebuleni kwa mtu, si studio. Vijana wote wa mji walijifunza kwake, na neno "ya chumbani" likawa tusi.

Sasa, mimi nilikuwa nasimama pale kibandani na kuona jambo. Seif akibonyeza, tone likidondoka, ile sauti ikisema sogeeni, watu walikuwa wanasogea kweli. Mama mwenye beseni la dagaa kichwani anageuka. Wanaume wanashuka kwenye baiskeli zao. Mkubwa angesema wanapenda muziki. Mimi nilikuwa mtoto wa Kisukuma, na niliyajua mambo hayo yanavyokwenda.

Kwetu baada ya mavuno kuna mashindano ya ngoma. Vyama viwili vya wachezaji, Wagika upande huu, Wagalu upande ule, uwanja mmoja, wakati mmoja. Hakuna jaji. Jaji ni watu wenyewe, wanahama huku na huku, na jua likishuka upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Mjomba wetu, kaka yake mama, aliyekuwa mchezaji huko Shishiyu, alitusimulia kwamba manju, yaani kiongozi wa ngoma, hategemei koo lake peke yake. Alfajiri ya siku yenyewe huenda uwanjani akafukia dawa ya mvuto pale ngoma itakaposimama. Njiani hageuki nyuma wala haitikii salamu ya mtu. Akiitika, dawa imetokea mdomoni, imekwisha. Mjomba alikuwa anasimulia huku anakunywa uji na kucheka. Mimi niliyapokea kama Baba Yetu Uliye Mbinguni.

Kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa Kigingi ni nani. Alikuwa mganga wa Mwanza, na ile sauti ilikuwa dawa yake. Ilikuwa fupi, ilitangulia kabla ya ngoma, na ilikuwa ileile kwa kila aliyemwendea. Ingekuwa nini kingine?

Maduhu alikwenda Mwanza akakaa wiki mbili, akarudi amekonda na kanda moja mfukoni. Nyimbo nane. Tuliisikiliza mchana mmoja ndani ya nyumba, sauti chini kabisa, maana hakutaka majirani waisikie kabla ya siku yake. Tone likadondoka. Sogeeni. Bibi akainua kichwa, akauliza ni nani huyo anatuita. Maduhu akacheka mpaka akakaa chini. Baba alikuwa nje dirishani ananoa jembe, hakuingia, ila tupa ilinyamaza tangu wimbo wa kwanza mpaka wa nane. Kulikuwa na mstari mmoja kuhusu mizani inayodanganya mchana kweupe, na hapo nilimsikia baba akiguna.

Uzinduzi ulipangwa kwenye uwanja wa karibu na maghala ya pamba. Mnunuzi mmoja binafsi alikuwa ameweka mizani yake pale, na ili wakulima waje kwake alikuwa na jenereta na spika kubwa. Alikubali kanda ya Maduhu ipigwe hapo Jumamosi. Mnunuzi wa pili, mwenye mizani upande wa pili wa uwanja, akasikia. Naye akamleta kijana wa Lamadi, mtoto wa wavuvi aliyejiita Kapteni Sangara, ambaye kanda yake ilikuwa ya Kigingi vilevile. Hapo kila mtu akaelewa kwamba uzinduzi umekwisha, hii sasa ni ngoma.

Baba naye akaelewa. Jioni moja, tukila, akanawa mikono mapema kuliko kawaida.

"Nitakuja Jumamosi," akamwambia Maduhu. "Watu wakisimama kwako, nenda Mwanza na muziki wako, sitakuzuia. Wakisimama kwa yule wa samaki, Jumatatu unakwenda Shishiyu kwa mjomba wako, ukachunge."

"Sawa, baba," Maduhu akasema. Hakumaliza ugali wake.

Nilimpenda kaka yangu, nisifiche. Alinibeba mgongoni nikiumwa malaria, na mtaani hakuna aliyethubutu kunigusa. Nikaanza kufikiri usiku na mchana. Dawa ni moja, mganga ni mmoja. Huyu wa Lamadi anayo na sisi tunayo. Tofauti itatoka wapi? Nikakumbuka mjomba alivyosema: dawa inafukiwa. Nani aliwahi kuona dawa ya mvuto ikishinda ikiwa imefungiwa kwenye plastiki? Ya kwetu ikiwa ardhini na ya Lamadi ikiwa bado ndani ya kanda, yetu itaishinda. Bado naona hesabu ile haikuwa na kosa, ukikubali pale ilipoanzia.

Ijumaa mchana Maduhu alikwenda kuazima shati. Nikaweka kanda kwenye redio, nikasikiliza mpaka "Sogeeni" ilipoisha, nikazima papo hapo, nikaitoa. Nikavuta utepe, nikakata kwa wembe mahali pawili, nikaunganisha kwa rangi ya kucha. Kipande kilichobaki mkononi kilikuwa na urefu wa kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole. Kazi ilikuwa safi. Nilijisikia fundi kweli.

Alfajiri nikanyanyuka bibi akiwa bado anakoroma, nikaenda uwanjani na kile kipande nimekikunja kwenye jani la muhogo. Karibu na maghala nikakutana na Mama Nkwimba, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ana ndoo kichwani.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kabla sijamsalimu, akiniita mama kwa utani, kama mkubwa mwenzake.

Nikakaza midomo nikapita. Akasimama. Akarudia salamu, safari hii bila utani. Sikugeuka. Kwetu mtoto anapiga goti akimwamkia mkubwa, na mtoto asiyeitikia salamu ni habari ya kuzungumzwa wiki nzima. Nilijua nitachapwa kwa hilo, nikaona si kitu. Nikachimba kwa kijiti chini ya nguzo ya spika, nikafukia, nikakanyaga.

Mchana watu walijaa. Wakulima na marobota yao, vijana wa sekondari, wanawake waliokuja kuuza viazi. Baba alisimama na baiskeli yake, kofia kichwani. Seif ndiye aliyepewa kazi ya mitambo upande wetu. Akaweka kanda, akabonyeza. Likasikika kwaruzo fupi, halafu ngoma ikaingia moja kwa moja.

Seif akakunja uso. Akazima, akarudisha nyuma, akabonyeza tena. Kwaruzo, ngoma. Vijana waliokuwa mbele wakatazamana. Mmoja akauliza kwa sauti Kigingi yuko wapi. Mwingine akajibu kwamba yuko chumbani. Kicheko kikatoka mbele kikaenda mpaka nyuma, hata kwa wasiojua wanacheka nini. Na upande wa pili wa uwanja, kwenye spika za yule mnunuzi mwingine, tone likadondoka, kubwa, la kutikisa bati. Sogeeni.

Watu wakaanza kuhama. Sikuamini macho yangu. Nikakimbilia kwenye nguzo nikakanyagakanyaga pale nilipofukia, nikadhani labda nimefukia juu mno. Maduhu akashika kipaza sauti akachana mwenyewe kwa mdomo, na nakuambia kweli, sijui kama nimewahi kumsikia mtu akichana vile. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Haikusaidia. Watu walikuwa wameshaambiwa kwamba ni mwongo, na mwongo hata akiimba vizuri unasikia uongo tu. Mpaka mwisho tulibaki watoto, Seif, na baba. Baba alikaa hadi wimbo wa nane. Kisha akapanda baiskeli akaondoka bila kumwangalia mtu.

Jioni majirani walikuja kutupa pole kama tumefiwa. Walikaa uani, watu kumi hivi, wanazungumza chinichini. Huku kwetu mtu akishindwa ngoma hatuulizi amekosea wapi. Tunauliza ni nani kamfanyia.

Maduhu aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa ameishika kanda, ameuvuta utepe kidogo, na kidole chake kilikuwa kwenye doa jekundu la rangi ya kucha. Nilidhani atanipiga. Aliuliza kwa sauti ya chini sana.

"Kipande kiko wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, dawa na mganga na mjomba.

"Bibi anajua?"

"Hajui. Alikuwa amelala."

"Nani alikuona?"

"Mama Nkwimba. Alinisalimu mara mbili, sikuitika."

Maduhu akakaa chini, palepale kwenye mavumbi, na shati la kuazima. Na wakati huohuo tukamsikia Mama Nkwimba mwenyewe kule uani, anasimulia. Kwamba alfajiri alimkuta huyu mtoto anaelekea uwanjani na kitu mkononi. Kwamba hakuitika. Kwamba mtoto hajitumi mwenyewe alfajiri. Nilichungulia pembeni ya ukuta. Watu wote walikuwa wanatazama jikoni, alikokuwa bibi. Nilidhani wanangoja chakula.

Maduhu akasimama, akajipangusa, akatokea uani.

"Jamani, msihangaike," akasema. "Seif alisikia sawa. Kigingi alikataa kuweka sauti yake. Alisema nyimbo zangu hazijaiva. Nikaona aibu kuwaambia. Huyu mtoto nilimtuma mimi aende aone kama spika zimefungwa, nikamwambia asipige soga njiani. Kosa ni langu."

Kisha akaingia jikoni, akaitupa kanda nzima motoni. Plastiki ikalia, moshi mweusi ukajaa. Bibi akatokea mlangoni, akamgeukia baba aliyekuwa amekaa na wageni, akaanza kusema kwa Kisukuma kwamba mbona yeye aliisikia ile sauti, mbona yule mtu aliwaita. Baba, ambaye alikuwa ameisikia pia kwa masikio yake pale dirishani, akamkatiza.

"Mama, uliota," akasema.

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia baba akimkatiza mama yake. Halafu akamgeukia Maduhu, akamtazama muda mrefu, akamwambia mbele ya watu kwamba Jumatatu ni Shishiyu. Watu wakacheka kidogo, wakaguna, mmoja akasema vijana wa siku hizi ni waongo tangu tumboni. Wakaaga wakaenda. Asubuhi Maduhu alinipeleka uwanjani nikamwonyesha mahali, akachimbua kile kipande, akakichoma kwa kiberiti.

Alikwenda Shishiyu. Hakurudi kwenye muziki. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimuuliza kwa nini hakwenda kuchukua nakala nyingine Mwanza, akasema ng'ombe wana kazi nyingi. Leo ana zizi lake, ana watoto sita, wanamtania kwa kuwa anajua kuita ng'ombe kwa vina. Si mtu wa kuhurumiwa. Ila mimi nilikua na wazo langu moja, kwamba kaka yangu alijichafua jina ili nisichapwe. Nililipenda wazo hilo. Lilinifanya nijione mtu wa thamani kuliko watoto wengine, na miaka yote nilipanga kwamba siku moja nitamshukuru vizuri.

Bibi alifariki mwaka ambao mimi tayari nilikuwa na mume na kazi. Alifariki kwa uzee, usingizini. Maduhu alileta fahali wa kuchinja msibani. Siku ya kuanua matanga tulikuwa wawili nyuma ya nyumba, tunaosha masufuria, na nikaona ndiyo siku yenyewe. Nikamshukuru. Nikamwambia kwamba sijasahau alivyoniokoa na fimbo ya baba, kwamba hata albamu nane zisingeweza kulipa hilo.

Akaniangalia kama mtu anayeambiwa habari za mtu mwingine.

"Fimbo gani?" akauliza.

Nikamweleza. Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka, akaweka sufuria chini. Akaniuliza kama nakumbuka msimu ule walimfanya nini yule bibi wa kijiji cha ng'ambo ya mto, aliyekuwa anaishi peke yake, mwenye macho mekundu kama ya bibi yetu, waliyemwita mchawi. Nilikumbuka. Sisi watoto tuliambiwa kwamba aliumwa akafa. Akaniuliza kama nilifikiri watu wale kumi walikuwa wanatazama nini jikoni kwetu.

"Wewe ungechapwa ukapona, Minza," akasema. "Yeye wangemjia na mapanga."

Akainama akaendelea kusugua sufuria. Mimi nilibaki nimeshika kitambaa, na nikalia vile ambavyo sikulia makaburini, mpaka akaniambia ninyamaze, wageni wanasikia.